Nilikulia gulioni, Melton Mowbray

Wiki hii mmetuuliza: ulikulia wapi, mahali hapo pamekuachia nini, na ungependa watoto wako wakulie hapo? Nitajibu kwa urefu, kwa sababu watu wetu wakisikia mtu amekulia Uingereza, picha inayowajia ni London: maghorofa, treni za chini ya ardhi, watu wasiosalimiana. Mimi nilikulia Melton Mowbray, mji mdogo wa Leicestershire, katikati ya nchi, uliozungukwa na malisho ya kondoo na ng'ombe. Ni mji wa soko. Na mtu aliyezaliwa Lushoto kama mimi hahitaji kuelezwa sana mji wa soko ni nini, maana kwetu tuna gulio.

Tulifika mwishoni mwa miaka ya 1990, mwezi wa Novemba, mimi nikiwa na pengo la meno ya mbele. Baba alitangulia, akapata kazi katika kiwanda cha vyakula. Mama akapata kazi ya kutunza wazee. Ilipofika saa kumi na nusu jioni giza lilikuwa limeshaingia. Baridi tuliimudu, kwani aliyelelewa Usambara anaujua ukungu na anajua sweta. Upweke ndio uliomwelemea mama. Majirani walikuwa watu wema, lakini wema wao ulikuwa wa kupunga mkono kwa mbali, kisha mlango unafungwa. Mama, ambaye tangu utotoni alishinda na bibi gulioni Soni wakiuza kabichi na mapeasi, sasa wiki zilipita bila kuongea na mtu yeyote nje ya kazi.

Shule zilipofungwa kwa Krismasi, Jumanne moja akatuvika makoti mimi na kaka yangu, tukateremka mjini kununua viazi. Kabla hatujaona kitu tulisikia sauti. Tulipoingia Nottingham Street tukakuta barabara nzima imejaa meza chini ya maturubai ya mistari, mpaka Market Place, na nyuma yake mnara mkubwa wa kanisa la St Mary's. Wanaume kwa wanawake walikuwa wakinadi karoti, samaki, soksi na mapazia kwa sauti za kupasua koo. Mama akasimama katikati ya njia, kikapu mkononi, watu wakimpita kulia na kushoto. Akasema kwa Kiswahili, kwa nguvu: "Kumbe wanapiga kelele!" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tangu tuteremke kwenye ndege sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Nimefikiri sana kuhusu siku ile, na nina hakika na ninachokisema. Mwingereza wa mji mdogo anaona haya kumwanza mgeni. Hajui aanzie wapi, anaogopa kuingilia mambo ya mtu. Soko linamwondolea haya hiyo. Ukisimama mbele ya meza ya mtu, tayari una haki ya kuongea naye na yeye ana haki ya kukujibu, na hakuna aliyejipendekeza. "Hizi karoti za lini?" inatosha kuanza. Wiki inayofuata anakukumbuka. Ya tatu anakuuliza mtoto amepona kikohozi. Mama hakufundishwa Uingereza na mtu yeyote. Aliingia kwa mlango wa sokoni, na sisi nyuma yake.

Mchuuzi wake wa kwanza alikuwa mzee wa mboga mwenye glavu zilizokatwa vidole. Bei zilikuwa zimeandikwa kwenye vipande vya kadibodi, na pale bei ikishaandikwa watu hawapatani. Hilo mama alilielewa upesi, hakulalamika. Lakini nyongeza hakuiacha. Alilipa hela yote, akapokea viazi vyake, kisha akabaki amesimama akimtazama yule mzee usoni kwa tabasamu, kikapu kikiwa wazi. Mzee akamtazama. Foleni nyuma ikasubiri. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe mzee akachukua karoti mbili, akazitia kikapuni, mama akashukuru na kuondoka. Juma lililofuata mzee hakungoja kutazamwa: aliweka karoti mwenyewe. Baada ya muda niliona anawawekea na wengine, hasa akina mama wenye watoto.

Wakati ule vitu vilipimwa kwa ratili. Mwaka 2000 sheria ikaanza kudai kwamba bidhaa za kupima mezani ziuzwe kwa kilo na gramu, na masokoni kukazuka ugomvi nchi nzima. Mchuuzi mmoja wa Sunderland, Steven Thoburn, alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa kuuza ndizi kwa mizani ya ratili, na magazeti yakamfanya shujaa. Mzee wetu aliandika bei zote mbili, lakini wateja wake wakongwe walichanganyikiwa. Hapo ndipo mama alipopata cheo. Yeye alikuwa amezikuta kilo tangu darasa la kwanza. Alisimama pembeni ya meza akiwaeleza bibi wazee wa Melton, kwa Kiingereza chake cha kutafuta maneno, kwamba nusu kilo inaizidi ratili kidogo tu, kwa hiyo aombe nusu, atapata na cha juu. Walimsikiliza kwa makini kabisa. Mwanamke aliyekuwa mgeni wa jana akawa anawafundisha wenyeji kupima viazi vyao wenyewe, na wao wakaona sawa.

Baadaye, nilipokua na kuanza kusoma, nilikuta kwamba mji wetu umeandikwa kuwa na soko katika Domesday, ile orodha ya mali ya nchi iliyotayarishwa kwa amri ya mfalme William mwaka 1086. Yaani zaidi ya miaka 900 watu wamekuwa wakija pale kuuza na kununua. Na niligundua kwamba miji ya namna hii haikutawanyika ovyo. Katika karne ya 13, kitabu cha sheria kinachojulikana kwa jina la Bracton kilieleza hesabu yake: mtu anaweza kutembea maili 20 kwa siku. Gawa siku mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kuuza na kununua, theluthi ya kurudi kabla ya giza. Kwa hiyo soko jipya lisiwekwe karibu na la zamani kwa chini ya maili sita na theluthi mbili, kama kilomita 11 hivi, lisije likaliua. Na siku nazo zikagawanywa. Melton Jumanne, Oakham Jumatano, Loughborough Alhamisi. Nilipomsomea mama, hakushangaa hata kidogo. Akaanza kunitajia magulio ya milimani kwetu, lipi siku gani, na nani hutembea kutoka wapi na mzigo kichwani, kana kwamba huyo mwanasheria wa kale alikuwa ameandika habari za Soni na Mlalo.

Kitu kimoja Melton ilikuwa nacho ambacho miji mingi ilikuwa imeshakipoteza: mnada wa mifugo mjini, Scalford Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye meza za mboga. Banbury, ambako zamani kulikuwa na mnada uliosifika kuwa mkubwa kuliko yote Ulaya, mnada wao ulifungwa 1998. Wetu upo mpaka leo. Siku za likizo tulikuwa tukimaliza mboga tunapanda huko. Mazizi ya chuma safu kwa safu, kondoo wamebanana wakitoa mvuke kwenye baridi, harufu ya majani makavu na samadi. Dalali alipita juu ya ubao ulioinuliwa kando ya mazizi, akitaja bei kwa kasi ambayo sikuweza kushika neno, na wakulima wenye kofia bapa wakimfuata kwa chini, zizi hadi zizi. Anayetaka hanyanyui mkono. Anainua nyusi, au anagusa kofia, basi. Kaka yangu na mimi tulishindana kumtambua anayenunua, na mara nyingi tulishindwa.

Mama naye alikuwa na lake. Alipitisha mkono juu ya chuma, akaupapasa mgongo wa kondoo, pale juu ya kiuno, akibonyeza kwa vidole vinne kutafuta kama uti umefunikwa na nyama au unachomoza. Akashika na shina la mkia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na babu yake, na sikujua, wala yeye hakujua, kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo pia wakulima wa Leicestershire. Mzee mmoja wa makamo, mwenye fimbo, alikuwa akimtazama. Hakusema kitu. Alisogea hatua moja ili mama apate nafasi kwenye zizi linalofuata. Walipofika la tatu akamuuliza: ungelipa ngapi? Mama akataja. Mnada ulipopita, bei ikatua karibu kabisa na ile ya mama, na yule mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akanyoosha mkono wasalimiane. Mama hakuwa na desturi ya kushikana mikono na wanaume wasio wa kwake, akaweka mkono kifuani na kuinama kidogo. Mzee naye akaweka wake kifuani. Basi wakawa wanasalimiana hivyo kila Jumanne kwa miaka.

Huyu mkulima ndiye aliyetuonyesha hela ya bahati. Muuzaji wa mnyama akishalipwa, hutoa pauni chache mfukoni na kumrudishia mnunuzi mkononi, ili mnyama awe na heri na wawili hao wauziane tena. Mama aliporudi nyumbani alimwambia baba: "Wanayo nyongeza, ila wameificha kwa ng'ombe."

Sasa, lazima niseme habari ya pai. Melton inajulikana dunia nzima kwa pai za nyama ya nguruwe, na sisi ni Waislamu. Duka maarufu kuliko yote liko Nottingham Street hiyohiyo, na nimepita mbele yake maelfu ya asubuhi likitoa harufu. Watu huniuliza kama haikuwa taabu. Haikuwa. Shuleni wapishi walijua nisichokula, wakanikumbushia hata nilipojisahau. Na nilijifunza mapema kwa nini pai ile iko pale. Mji uko katika nchi ya jibini ya Stilton, ambayo kisheria hutengenezwa katika kaunti tatu tu, Leicestershire, Nottinghamshire na Derbyshire. Maziwa yakishagandishwa hubaki maji mengi, na maji hayo wakulima waliwanywesha nguruwe. Nguruwe wakawa wengi, nyama ikatiwa kwenye unga uliokandwa kwa maji moto na mafuta, na wawindaji wa mbweha waliojaa Melton kila majira ya baridi wakazibeba mfukoni juu ya farasi. Pai halisi husimamishwa kwa mkono na kuokwa bila kibati, ndiyo maana ubavu wake hutuna. Mwaka 2009 jina lake likalindwa na sheria ya Ulaya. Jirani yetu, bibi aliyekuwa peke yake, alisikitika kwamba tutakulia Melton bila kuonja kitu cha Melton. Akanunua sufuria mpya na kibao kipya, akamuuliza mama mchinjaji wa halali yuko wapi Leicester, akatuokea pai ya kondoo kwa mkono wake, ubavu umetuna vilevile, mafuta ya ng'ombe badala ya yale mengine. Kila Idi alileta. Huo nauita ujirani.

Leicester yenyewe tulikwenda Jumamosi, kwa ajili ya madrasa na mihogo. Barabara ya maduka ya Kihindi tuliyoizoea inaitwa Melton Road, na ukiifuata bila kukata kona unafika kwetu. Wenye maduka wengi walitoka Uganda. Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Walikwenda. Mzee mmoja wa viungo, mzaliwa wa Jinja, alipomwona mama alimwita kwa Kiswahili kutoka ndani ya duka: "Mama, karibu, bamia mbichi zimekuja leo!" Ilikuwa ajabu kwangu, mtoto, kusikia lugha ya nyumbani kwetu kinywani mwa Mhindi katika mji wa Kiingereza. Ninasema tena, ni biashara ndiyo iliyotukutanisha.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni 2001. Tarehe 20 Februari ugonjwa wa midomo na miguu ulithibitishwa kwenye machinjio ya Essex, na tarehe 23 serikali ikapiga marufuku kuhamisha mifugo. Minada ikafungwa. Njia za mashambani zikafungwa kwa kamba na matangazo, na kwenye milango ya mashamba kukawekwa majani na mikeka iliyoloweshwa dawa ya kuua viini. Kila jioni televisheni ilionyesha miguu ya ng'ombe ikichomoza kwenye mioto. Wanyama zaidi ya milioni sita waliuawa kabla ugonjwa haujaisha, wengi wakiwa wazima, kwa sababu tu walikuwa jirani na wagonjwa. Hata uchaguzi mkuu uliotarajiwa Mei ukasogezwa hadi Juni.

Na Idi Kubwa mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Machi, siku chache tu baada ya marufuku. Kwa kawaida baba na wenzake wa Leicester walinunua kondoo Melton, wakapelekwa kwenye machinjio yenye leseni, nyama ikagawanywa. Kwa mkulima wetu hao walikuwa wateja wa kutegemewa, na alikuwa amewatenga kondoo wazuri kwa ajili hiyo. Sasa wamekwama malishoni, hawezi kuwauza, hawezi hata kuwavusha barabara. Baba akatuma hela Lushoto wachinje kule kwa niaba yetu. Siku ya Idi jirani alileta pai ya viazi.

Jumanne zile mji ulikuwa kama umefiwa. Meza za mboga zilikuwepo, lakini wakulima hawakushuka, na wasiposhuka wao hata muuza mapazia hauzi. Mama alimkuta yule mkulima mara moja tu, mbele ya benki, amekonda. Waliwekeana mikono kifuani. Akamwambia mama kwamba kila asubuhi kabla ya kunywa chai anatembea kuwatazama midomo kondoo wake, mmoja mmoja, akiogopa atakachokiona. Mama aliporudi nyumbani alitandika msala, akamwombea huyo mzee na kondoo wake kwa majina ya Mungu yote aliyoyajua. Kundi lake lilisalimika. Mnada uliporudi, siku ya kwanza mama aliomba ruhusa kazini akaenda, na mzee alimrudishia baba hela ya bahati mara mbili ya kawaida.

Yalikuwepo na machungu, sitaki kuficha. Kuna mtoto aliyenishika nywele kila siku mpaka nikaogopa kwenda darasani, na kuna mtu mzima aliyemwambia kaka yangu arudi kwao. Lakini kaka alijibu palepale: "Kwetu ni Melton, muulize yeyote sokoni." Alikuwa na miaka tisa na alikuwa anasema kweli, kwa sababu sokoni kila mtu alimjua kwa jina.

Hicho ndicho mji ule umeniachia. Siogopi kumwanza mtu. Naweza kutua mji wowote, nikauliza siku ya soko ni lini, nikajua pa kuanzia. Ninawasihi wazazi wenzangu mlioko Ulaya na Marekani, mnaoshinda na watoto kwenye maduka makubwa ambako sasa hata kulipia unajilipia mwenyewe kwa mashine: tafuteni soko la wazi lililo karibu nanyi, muende na mtoto, mumwache yeye ndiye aulize bei. Na wenye mamlaka kwetu wanaopanga kuyahamishia magulio nje ya mji kwa sababu yanachafua barabara, wajiulize kwanza watu watakutana wapi.

Kuhusu watoto wangu kukulia pale, hapo nyumbani kwetu hatujakubaliana. Tunaishi Leicester. Mume wangu, mtu wa Mombasa, anataka msikiti wa karibu, madrasa ya karibu, na binamu zao mtaa wa pili, na hoja zake naziona nzito. Mama hajahama Melton na hatahama. Kwa hiyo shule zikifungwa watoto huenda kwa bibi yao, na Jumanne huamka kabla ya sisi wazazi hatujawapigia simu. Binti yangu mkubwa ametimiza miaka 13, na aliyerithi ile meza ya mboga amekubali awe anamsaidia kupima kuanzia likizo ya kiangazi. Mume wangu alisita wiki mbili. Juzi akasema atampeleka yeye, kwa sharti kwamba hela ya kwanza binti atakayolipwa aitoe sadaka.